Ondoeni redio, tuachieni tundu la chaji

Keti kwenye kiti cha dereva cha Toyota Probox iliyotoka Japani ikiwa toleo la DX, lile la chini kabisa, kisha utazame karibu na goti lako la kulia, chini ya usukani. Utaona vifuniko vidogo vya plastiki nyeusi, vya mraba, visivyo na maandishi wala taa. Hapo ndipo swichi zingekaa kama mwenye gari wa kwanza angeongeza pesa. Mimi nala kupitia vifuniko hivyo. Nina duka la vikorokoro vya magari hapa Nakuru: redio, vitambaa vya viti, rimu, kamera za nyuma, ving'ora vya kuzuia wizi. Biashara yangu yote ni kuuza kile ambacho mtengenezaji aliamua kukiacha.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue nina maslahi. Gari likija bila redio, nafurahi. Likija na viti vya kitambaa cha kijivu cha bei ya chini, nafurahi zaidi. Lakini magari ya umeme yameanza kuonekana kwenye yadi zetu, na nikizisoma orodha za matoleo yake naingiwa na wasiwasi. Watengenezaji wanaotafuta bei ya chini hupunguza vitu vya aina mbili kana kwamba ni aina moja. Kuna kile ambacho fundi wa Nakuru atakiongeza kwa alasiri moja. Na kuna kile ambacho gari likitoka kiwandani bila nacho, litaishi na kufa bila nacho.

Probox ndiyo shule yetu katika jambo hili. Toyota ilipoitoa mwaka wa 2002 haikuwa inamfikiria mtu wa Kisii au Siaya. Lilikuwa gari la kazi la kampuni za Japani, la mtu wa mauzo anayebeba sampuli nyuma na kula chakula cha mchana ameegesha kando ya barabara. Likapangwa kwa matoleo: DX chini kabisa, GL juu yake, na F kwa anayetaka kustarehe kidogo. Kampuni inayonunua magari mengi kwa mpigo haitaki vioo vya umeme, inataka bei. Miaka ikapita, magari yale yale yakashuka Mombasa, na leo ukisimama kwenye stendi yoyote ya magharibi, kuanzia Ahero hadi Busia, utaona DX zikipakia abiria kana kwamba sheria ya idadi ni ushauri tu.

Sijawahi kumsikia dereva akilia kwamba DX yake ilikuja na vioo vya kuzungusha kwa mkono. Redio tulimwekea, viti tukavivalisha, kengele tukaifunga. Chasisi na uwezo wa kubeba mzigo alivikuta vimo, na hivyo ndivyo alivyonunua. Hata nyumba tunajenga hivyo hivyo: msingi, ukuta na mabati kwanza, familia inahamia, vigae na dari vinakuja mwaka wenye mavuno mazuri. Ila hakuna anayehamia kwenye nyumba isiyo na msingi akitarajia kuuongeza Desemba.

Jambo la pili nililojifunza kwa Probox liko nyuma ya vile vifuniko. Ukikichokoa kimoja kwa bisibisi bapa, mara nyingine unakuta waya umeshafika, una soketi yake, umefungwa kwa utepe, unasubiri. Kiwandani ni rahisi kutandaza waya wa aina moja kwenye magari yote kuliko kutengeneza aina tano na kuhangaika lipi liende kwenye gari gani. Kwa hiyo mnunuzi wa toleo la chini ameshabebeshwa waya. Anachouziwa akipanda juu ni swichi na faida.

Kwenye magari ya umeme mchezo huu umepanda hadi kwenye betri. Mwaka wa 2013 Tesla iliifuta Model S yenye betri ya kilowati-saa 40, yaani uniti 40 kama tunavyozisoma kwenye tokeni za stima, kwa sababu ni asilimia 4 tu ya walioagiza waliochagua betri hiyo. Wale waliokuwa wameshaagiza walipewa gari lenye betri ya uniti 60 iliyofungwa kwa programu isitoe zaidi ya 40. Atakaye zaidi alipe, ifunguliwe. Baadaye kampuni ikauza matoleo mengine yaliyofungwa vivyo hivyo, na kimbunga Irma kilipoikaribia Florida Septemba 2017, wenye magari hayo wakafunguliwa kwa muda ili wapate umbali wa kukimbilia.

Wako wanaouita huu wizi, ati umeuziwa kitu kisha ukanyimwa. Mimi sioni hivyo. Betri iliyofungwa bado iko ndani ya gari, na siku ukipata pesa unaifikia. Shida yangu iko kwingine: ufunguo anao nani? Gari likifika Nakuru likiwa na umri wa miaka saba, limepita mnada wa nje na wakala wa Mombasa, nani atapiga simu makao makuu kuomba lifunguliwe? Waya wa Probox naufikia kwa bisibisi. Programu siifikii.

Turudi kwenye bei yenyewe. Bei ya kuanzia inayoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi haipo kwa ajili ya kuuza gari. Ipo ili uingie mlangoni. Dacia, kampuni ya magari ya Romania, walipoipeleka Sandero yao Uingereza mwaka wa 2013, toleo la Access liliuzwa pauni 5,995: halina redio, magurudumu ya chuma, rangi nyeupe tu. Ukitaka rangi nyingine au redio ulipanda ngazi. Mimi ningelinunua hilo Access bila kufikiri mara mbili, maana kila kilichotolewa kinapatikana dukani kwangu. Hiyo ni bei ya kuanzia ya kweli. Gari lipo, linauzwa, linakwenda.

Sasa litazame la Tesla. Tarehe 31 Machi 2016 Model 3 ilitangazwa kwa dola 35,000, na watu wakaweka amana ya dola 1,000 kila mmoja. Magari ya kwanza yalitoka Julai 2017, lakini lililopatikana lilikuwa la betri kubwa pamoja na furushi la starehe, jumla dola 49,000. Mwaka uliofuata Elon Musk aliandika waziwazi kwamba kuanza mara moja na toleo la bei ya chini kungeiletea kampuni hasara na kuiua. Toleo la 35,000 likaja Februari 2019, karibu miaka mitatu baada ya ahadi, na Aprili likaondolewa kwenye tovuti. Aliyelitaka ilimbidi apige simu au aende dukani akaliulizie.

Hesabu yake naielewa. Kiwanda kipya kimemeza pesa, magari yanatoka machache, na kila gari linalotoka lazima libebe sehemu kubwa ya deni. Ukiwa na magari machache ya kuuza, unamuuzia kwanza anayelipa zaidi. Hata mimi redio zikija chache siwekei watu wa mkopo. Lakini basi usiitangaze ile bei kwanza. Mtu wa mshahara hupanga maisha kwa bei aliyoisikia: ameshazungumza na SACCO, ameshatafuta wadhamini, ameshamwambia mkewe.

Kuna bei ya kuanzia ya tatu, na hii ndiyo inayonikera. Gari lipo, linauzwa, bei ni ya kweli, ila kilichotolewa ni kile kisichorudishika. Nissan Leaf ndiyo mfano ulio karibu nasi, kwa sababu ndilo gari la umeme ambalo Wakenya wengi waliliona la kwanza. Lilipoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010 lilikuwa ghali. Januari 2013 Nissan wakaleta Marekani toleo jipya la chini, S, kwa dola 28,800, punguzo la zaidi ya dola 6,000 kwa bei ya kuanzia. Mauzo yalipaa: 2012 waliuza Leaf 9,819 Marekani, na 2013 wakauza 22,610. Anayesema bei si kitu azitazame namba hizo. Ni kweli walikuwa wamehamishia pia utengenezaji Tennessee, na hilo lilisaidia gharama, lakini mteja hakununua Tennessee, alinunua 28,800.

Walitoa nini? Rimu za aloi zikawa magurudumu ya chuma, sawa kabisa. Lakini chaja ya ndani ya gari nayo ikawa ile ndogo, ya karibu nusu ya kilowati 6.6 za matoleo ya juu, na tundu la chaji ya haraka likawa kitu cha kulipia zaidi. Kwa mtu wa California mwenye gereji yake na gari la pili la petroli, haidhuru. Atachaji usiku kucha. Kwa gari litakaloishi miaka kumi na tano na kupita mikononi mwa watu watatu, wa mwisho wao akiwa mtu wa Kericho, huo ni uamuzi mbaya.

Naisema Kericho kwa sababu barabara yetu inaeleza jambo hili kuliko kitabu. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Unapanda Salgaa, unapanda hadi Mau Summit ambako unapita mita 2,400, unapitia Londiani na Kericho, kisha unaanza kuteremka kuelekea Awasi na Ahero hadi Kisumu, kwenye mita 1,130. Safari yote haifiki kilomita 200. Kwenda ni raha: kwenye mteremko mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na breki zinapumzika. Kurudi ndiko kwenye kazi. Gari la kilo 1,500 kulinyanyua mita 1,300 tu kunakula uniti zaidi ya 5, kabla hujahesabu upepo, matairi, abiria na magunia ya mchele wa Ahero. Leaf ya kwanza ilikuwa na betri ya uniti 24 ilipokuwa mpya. Mlima peke yake umeshakula moja ya tano.

Kwa hiyo lazima usimame njiani, na ukisimama swali ni moja: utachaji kwa kasi gani? Soketi ya ukutani yenye volti 240, ukiivuta ampea 10 ili usiuchome waya wa mwenye hoteli, inakupa kilowati 2.4. Saa moja ya chai na mandazi inakupa uniti mbili na kitu. Hiyo si safari, ni adhabu. Chaji ya haraka inaingiza kwa dakika kile ambacho soketi inaingiza kwa saa. Vituo vyenyewe bado ni vya kutafuta kwa tochi, najua, lakini kituo kinaweza kujengwa mwaka ujao. Tundu lisilokuwapo kwenye gari haliji. Nyuma ya tundu hilo kuna kebo nene za umeme mkubwa, swichi zake nzito na kompyuta inayozungumza na kituo. Hakuna fundi wa jua kali atakayekufungia hayo, na akisema ataweza, mkimbie.

Anayenunua Leaf iliyotumika leo basi afungue ule mlango wa pua ya gari kabla hajafungua boneti. Matundu mawili, dogo na kubwa, ni habari njema. Tundu moja na nafasi iliyozibwa ni gari la mjini. Linaweza kumfaa mtu, sibishi, lakini alilipie bei ya gari la mjini.

Wenzetu wa Ulaya wamelirudia kosa lile lile. Dacia Spring ilipoanza kuuzwa kule 2021 ikiwa kati ya magari ya umeme ya bei ya chini kabisa, chaji ya haraka ilikuwa nyongeza ya kulipia. Citroën kwa upande mwingine, na ë-C3 yao iliyoanza kwenye euro 23,300, nawasifu. Toleo la chini linaitwa You. Halina skrini kubwa katikati. Kuna kishikio cha kuwekea simu yako mwenyewe. Lakini lilipozinduliwa betri ilikuwa ile ile ya uniti 44 ya toleo la juu, na chaji ya haraka ilikuwamo. Aliyepanga hivyo alijua mteja ana simu nzuri kuliko skrini yoyote ambayo wangemwekea kwa bei hiyo. Tena simu hubadilishwa kila baada ya miaka michache, ilhali skrini ya gari huzeeka nalo.

Wachina nao ni walimu wa kubana. Wuling Hongguang Mini EV ilitoka Julai 2020 kwa yuan 28,800 bila hata kiyoyozi. Ukiongeza yuan 4,000 unakipata. BYD Seagull ilipozinduliwa Aprili 2023 kwa yuan 73,800 ilikuwa na waipa moja tu mbele. Moja! Nilipoiona picha nilicheka, halafu nikafikiri: waipa moja ni mota ndogo, mikono michache, na kioo kinasafishwa vilevile. Walichouza kwa toleo la juu, la yuan 89,800, kikubwa kilikuwa betri: uniti 38.88 badala ya 30.08 za toleo la chini. Hapo ngazi inaeleweka. Unalipa zaidi, unakwenda mbali zaidi. Ila Wuling ya kwanza haikuwa na mifuko ya hewa, na hapo mimi natoka. Mfuko wa hewa uko kundi moja na tundu la chaji. Kwenye barabara ya Salgaa hatuhitaji kuelezwa kwa nini.

Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa Njoro, alikuja dukani na karatasi ya rangi aliyopewa na wauzaji. Nguzo tatu, matoleo matatu, alama za tiki na vistari. Akavaa miwani, akaiweka karatasi juu ya kaunta kati ya vitambaa vya viti.

"Kijana wangu, nieleze hii taa ya mapambo ya rangi sitini na nne."

"Ni taa za mlangoni na kwenye dashibodi, Mwalimu. Unachagua rangi upendayo."

"Nitazitazama nikiwa wapi? Usiku mimi siendeshi."

Tukashuka mstari kwa mstari. Kati ya toleo la chini na la kati kulikuwa na tofauti ya karibu laki nne. Ndani ya laki nne hizo mlikuwa na rimu za aloi, viti vya ngozi bandia, skrini kubwa, spika nne za ziada, kamera ya nyuma, paa la rangi tofauti na mwili, zile taa, na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo kuliko nyingine, chaji ya haraka. Binti yake anaishi Kisumu. Alichokitaka kilikuwa ule mstari wa mwisho. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti: rimu, viti, redio ya skrini, spika na kamera, kwa bei zangu na faida yangu ndani, havikufika laki moja. Zilizobaki ni laki tatu hivi kwa ajili ya paa, taa na tundu.

Mwalimu akainyamazia ile risiti kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo muuzaji hakulitarajia: "Haiwezekani kununua lile la chini, wakaniongezea hili moja tu?" Akawapigia simu hapo hapo. Wakamwambia haiwezekani, linakuja kama lilivyopangwa.

Hiyo ndiyo hila ya ngazi, na si ya magari ya umeme peke yake. Kitu kimoja kinachohitajika kweli hufungwa pamoja na saba visivyohitajika, kwa sababu vile saba ndivyo vyenye faida. Mtengenezaji atakwambia kwamba matoleo machache hupunguza gharama, na hapo hadanganyi; nimeeleza habari ya waya. Lakini kama lengo ni kupunguza aina, njia rahisi ni kuliweka tundu kwenye magari yote na kuacha taa za mapambo ziwe ndizo za hiari.

Kwetu hesabu inazidi kuwa mbaya kwa sababu ya kodi. Ushuru wa gari haujumlishwi, unapandana. Ushuru wa forodha hupigwa juu ya thamani ya gari. Ushuru wa bidhaa hupigwa juu ya thamani pamoja na forodha. VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya vyote. Tangu 2019 gari la umeme hulipa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 badala ya 20, na hilo ni jema. Lakini chukua starehe za shilingi 100,000 zilizofungwa kiwandani. Tuseme kwa mfano forodha ni asilimia 25: zinakuwa 125,000. Ongeza asilimia 10: 137,500. Ongeza VAT: 159,500. Bado ada ya uagizaji na ya reli, na faida ya muuzaji iliyopigwa juu ya jumla hiyo. Ngozi bandia ikishonwa Nakuru hailipi safari hiyo. Vitambaa navyo hulipiwa ushuru vikiingia, sikatai, ila kwa thamani ya kitambaa na si ya kiti kilichomo ndani ya gari jipya. Mtengenezaji anayetaka kuuza Kenya kwa bei nafuu angetaka kushusha Mombasa gari tupu kadiri awezavyo, kwa sababu kila kikorokoro anachokiacha kinapunguza kodi ya mteja.

Betri ni habari nyingine. BloombergNEF, wanaofuatilia bei hizi kila mwaka, walikadiria wastani wa mwaka wa 2024 kuwa dola 115 kwa kila uniti ya uwezo. Uniti 10 za ziada basi ni dola 1,150, takribani shilingi 150,000 kabla ya kodi. Ndiyo maana toleo la betri kubwa ni ghali kwa haki kuliko toleo la taa nyingi, na ndiyo maana betri ndiyo kishawishi cha kwanza cha mtu anayepunguza gharama.

Na mtu akipunguza betri, mara nyingi hupunguza na kile kinachoilinda. Leaf za miaka hiyo hazikuwekewa mfumo wa maji wa kupoza betri. Zilipozwa na hewa tu. Mwaka wa 2012 wenye Leaf wa Arizona, kwenye joto la jangwa, walianza kuona vile vipande kumi na viwili vya uwezo wa betri kwenye dashibodi vikipotea kimoja kimoja mapema kuliko walivyotarajia. Kesi ikafuata, na Nissan wakatoa udhamini wa uwezo: vikipungua chini ya tisa ndani ya miaka 5 au maili 60,000, betri inashughulikiwa. Huo udhamini ni sehemu ya toleo sawa na kiti au kioo, tena yenye thamani kuliko vyote viwili. Lakini gari lililonunuliwa mnadani Japani likaja kwetu halikuvuka bahari na karatasi hiyo. Sisi hupata vile vipande vilivyobaki, na Kisumu mchana wa Februari haijali karatasi.

Wengine husema dawa ni kuitoa betri kwenye bei kabisa: nunua gari, kodi betri. Kwa boda za umeme nimeona ikifanya kazi. Kijana analipia pikipiki, betri anabadilisha kituoni na kuendelea na abiria wake. NIO walileta mpango kama huo wa magari huko China Agosti 2020: bei ya gari inashuka yuan 70,000, unalipa 980 kila mwezi. Gawanya uone, ni chini kidogo ya miaka sita, halafu unaendelea kulipa. Renault nao walikodisha betri za Zoe Ulaya, na aliyenunua Zoe iliyotumika akajikuta anarithi mkataba wa kila mwezi pamoja na gari. Boda hufanya kazi kutwa na hulipa kila siku, ndiyo maana inawezekana. Gari la mwalimu mstaafu linalokaa uani siku nne kwa wiki halina sababu ya kulipiwa kodi kama chumba cha kupanga.

Nisisahau bei inayoegemea mkono wa serikali. Aprili 2025 kampuni ya Slate ya Marekani ilionyesha pikapu ya umeme ambayo kwangu ni ndoto: haina rangi, haina redio, vioo ni vya kuzungusha kwa mkono, na mteja anaivalisha mwenyewe atakavyo. Walisema itakuwa chini ya dola 20,000, ila hiyo ilikuwa baada ya kutoa nafuu ya kodi ya dola 7,500. Julai sheria mpya ikaikomesha nafuu hiyo kuanzia mwisho wa Septemba 2025, na ile bei ikaondolewa kwenye matangazo. Sisi ambao kila Juni tunakesha na Mswada wa Fedha tungewaambia mapema: bei ya gari isipangwe juu ya kitu kinachoweza kufutwa bungeni mchana mmoja.

Basi kama kuna mtu wa kiwandani anayesoma Kiswahili, toleo la chini nalotaka ni hili. Betri ya uniti 40 hivi, yenye kupozwa vizuri, ya kututoa Kisumu hadi Nakuru na mlima wake. Chaji ya haraka. Mifuko ya hewa na breki za ABS. Udhamini wa betri unaofuata gari wala si mwenye gari, ulioandikwa kwa namba, na wenye ofisi ninayoweza kuiingia kwa miguu. Magurudumu ya chuma. Rangi moja, iwe nyeupe. Vioo vya kuzungusha. Kitambaa cha kijivu. Mahali pa redio acheni shimo, waya wa spika ukiwa umeshafika milangoni.

Toleo la pili liwe hilo hilo na betri kubwa, bila kitu kingine hata kimoja, na tofauti ya bei iwe ya betri. Mwenye kuchaji nyumbani usiku, kwa ile bei maalumu ya stima ya magari ambayo EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, iliiweka mwaka wa 2023, shilingi 8 kwa uniti saa za usiku badala ya 16, kabla ya kodi na tozo, ajihesabie mwenyewe kama zile uniti za ziada zinamfaa au la. La tatu fanyeni mtakavyo: paa la rangi mbili, taa sitini na nne, viti vinavyokanda mgongo. Wapo watu wa kuyanunua na pesa zao ni halali.

Mwalimu mpaka sasa hajanunua. Anasubiri, na petroli anaendelea kuweka.